Viatu Vyeusi Kando ya Mto

Jumatatu, Oktoba 14

Koplo Gichovi ameniambia niandike kila kitu ninachokumbuka kuhusu Jumamosi, kisha nimpelekee nakala. Nimechukua daftari lililokuwa la insha za Darasa la Sita, nikang'oa kurasa za mbele. Naandika hapa mezani. Mama mkwe ameketi nje kwenye kigoda na ananitazama kupitia mlangoni.

Jumamosi saa mbili asubuhi mume wangu Marete alitoka kwenda kuangalia maharagwe tuliyopanda kule chini karibu na mto. Mvua ilikuwa imenyesha, njia yote matope, kwa hivyo alivaa gambuti zake za mpira. Chakula cha mchana hakurudi. Saa kumi ndugu yake mdogo, Ishmael, alimfuata, akapata vitu vyake juu ya jiwe ukingoni: jaketi ya buluu imekunjwa vizuri, saa ya mkono, simu, na viatu vyeusi vyenye soksi ndani. Marete mwenyewe hakuwepo. Mto ulikuwa umejaa hadi kwenye nyasi.

Leo nimeitwa kituoni nivitambue. Koplo alivitoa kwenye bahasha kubwa za kaki, kimoja kimoja, akavipanga mezani.

"Mwalimu, hivi vitu unavijua?"

"Ni vya mume wangu."

"Vyote?"

"Vyote. Lakini viatu hivi hakuvivaa Jumamosi. Alitoka na gambuti. Hivi nilivipaka rangi Ijumaa jioni nikaviweka chini ya kitanda. Angalia, hata matope havina."

Koplo aliacha kuandika. Alikigeuza kiatu kimoja, akatazama soli, akakirudisha polepole.

"Kwa hivyo unaniambia hivi viatu vilitoka chini ya kitanda chako vikaenda mtoni vyenyewe?"

"Sijui vilifikaje."

"Asubuhi hiyo nani alikuwa nyumbani?"

"Mimi. Mtoto alikuwa kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Mama mkwe alikuwa kwake, ni hapo tu ng'ambo ya ua."

"Na Ijumaa jioni jirani alisikia mkigombana."

Nilimweleza. Marete ni karani katika ofisi moja mjini Meru, na wiki nzima hakuwa ameenda kazini. Nilimuuliza kwa nini, akanyamaza, nikapandisha sauti. Mimi ndiye niliyepandisha sauti, yeye hapana. Koplo aliandika na hilo.

Gichovi ni Mwembu kama mimi, kwao ni upande wa Runyenjes. Nilidhani hilo lingenisaidia. Alichukua simu yangu, akanikataza kutoka hapa Tigania bila ruhusa yake, na kila Jumatatu na Alhamisi niende kutia sahihi. Nilisema ukweli mmoja mdogo kuhusu viatu na sasa huo ndio umenifunga kamba.

Jumanne, Oktoba 15

Mvua kutoka asubuhi. Wanaume walienda mtoni na fito, wakarudi mikono mitupu.

Alhamisi, Oktoba 17

Nimetia sahihi. Ishmael alinisindikiza na pikipiki yake, akaningojea mlangoni, akanirudisha. Nilipotaka kushuka sokoni Kianjai kununua sabuni alisema, "Hapana, shemeji. Nimeambiwa kituoni na nyumbani."

"Umeambiwa na nani?"

"Na mama."

Koplo leo aliuliza kama Marete alikuwa mgonjwa. Nilimwambia ana kifafa tangu utotoni. Anameza vidonge asubuhi na jioni, na akikosa siku mbili anaanguka. Watu wa hapa wengi hawajui, mama yake aliificha miaka yote. Koplo alisema labda alianguka majini. Kisha akasema, "Lakini mtu akianguka hakunji jaketi kwanza."

Jumapili, Oktoba 20

Sikutaka kwenda kanisani lakini kubaki ingekuwa mbaya zaidi. Wakati wa maombi mama mkwe, Marcella, alisimama akalia kwa Kimeru. Mimi nimeolewa hapa miaka kumi na moja na Kimeru chao bado kinanipita kikienda mbio, lakini jina langu nililisikia. Wanjira. Alilirudia mara tatu. Wanawake walioketi nami benchi moja walisogea. Si sana, upana wa kiganja tu.

Baadaye wazee wa ukoo walikaa kwetu wakanywa chai. Mmoja alinitafsiria uamuzi: mke haondoki kwenye boma mpaka mwili upatikane. Niliuliza, na usipopatikana? Alitazama kikombe chake.

Jumanne, Oktoba 22

Mvua. Nimefua shati la Marete ambalo lilikuwa safi.

Jumatatu, Oktoba 28

Kaka yangu Njiru alitoka Embu alfajiri akaja kunichukua. Nilimwona anafungua lango nikakimbia kama msichana wa shule. Hakupewa hata kiti. Marcella alimwambia kwa Kiswahili chake, "Wewe unakuja chukua huyu, mimi nitachukua nani? Mtoto yangu iko wapi?"

Njiru alisema basi angalau ampeleke Kendi kwa shangazi zake mpaka mambo yatulie. Kendi ana miaka kumi. Amepewa jina la nyanya yake, Marcella Kendi, na nyanya yake alimshika bega papo hapo.

"Huyu ni damu ya Marete. Haendi popote."

Njiru aliniachia mkate na sukari na kitenge ambacho mama alinitumia. Nilimsindikiza hadi langoni. Ishmael alikuwa amesimama pale, mkono kwenye komeo. Njiru akaniuliza kwa Kiembu, taratibu, "Ulimfanya chochote?" Ndugu yangu wa tumbo moja. Nilisema hapana. Akasema anajua, alikuwa anauliza tu.

Ijumaa, Novemba 1

Shule zimefungwa. Mwalimu mkuu alituma ujumbe kupitia mzazi mmoja: nisisumbuke kurudi Januari mpaka "hayo maneno" yaishe.

Jumatatu, Novemba 4

Nimetia sahihi.

Alhamisi, Novemba 7

Leo Koplo alinifungia mlango, akaniwekea karatasi mbele. Ilikuwa nakala ya cheti cha Marete cha kidato cha nne.

"Unakijua?"

"Kilikuwa kwenye fremu ukutani."

"Shule iliyoandikwa hapa haijawahi kumsikia. Nambari ya mtihani ni ya msichana mmoja ambaye ni nesi. Ofisi yake ilimwandikia mwezi wa tisa alete cheti halisi. Ulijua?"

Sikujua. Nilijua kuna barua, na aliniambia cheti halisi kilipotea tulipohama. Nilimtetea hata kwa baba yangu, ambaye hakuwahi kumpenda. Nilikuwa nikiwaambia watu mume wangu alipata B.

"Sasa mimi najiuliza," Koplo alisema, "mke anagundua mume amemdanganya miaka kumi na moja. Mwalimu, mtu wa vyeti. Anakasirika."

"Nimegundua sasa hivi. Umeniambia wewe."

Alinitazama kwa muda. Sikuweza kujua kama ananiamini. Nadhani hata yeye hajui.

Njiani kurudi nilitaka kumwambia Ishmael. Yeye aliacha shule darasa la saba ili karo yote iende kwa Marete. Nilishindwa.

Jumatatu, Novemba 11

Nimetia sahihi. Mvua. Daraja la chini limefunikwa, sasa hata ningetaka kutoroka ningepita wapi.

Ijumaa, Novemba 15

Nimekuwa nikimwona Ishmael kama askari jela. Leo nilishuka shambani kupalilia maharagwe, nikamkuta mtoni peke yake. Amejifunga kamba kiunoni, ncha nyingine kwenye mti, maji yamemfika kifuani, anachokora chini ya mizizi na fito. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Nilimwita atoke, akakataa, nikaingia mimi hadi magotini. Ndipo akatoka.

Alikaa kwenye nyasi akitetemeka. Nilimvisha sweta yangu.

"Unakuja kila siku?"

"Kila siku mvua ikikatika kidogo. Shemeji, nikifumba macho namwona amekwama mahali. Nasema labda ni pale sijafika."

Mikono yake ilikuwa na vidonda vya mawe. Aliniuliza, bila kuniangalia, kama nilimuua ndugu yake. Nikasema hapana. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza bei na kujibiwa. Lakini aliporudi nyumbani alinibebea jembe.

Jumatatu, Novemba 18

Nimetia sahihi.

Alhamisi, Novemba 21

Koplo alinieleza wazi, na aliniheshimu kwa hilo. Faili linapelekwa Meru kwa kiongozi wa mashtaka. Bila mwili kesi ni ngumu, lakini kuna ugomvi wa Ijumaa, kuna viatu, na kuna maneno yangu mwenyewe kwamba viatu vilikuwa chumbani mwangu.

"Ukiniambia leo ulikosea kuhusu hivyo viatu, nitaandika," alisema. "Watu hukosea."

"Sikukosea."

"Mwalimu, nakupa mlango."

Nilifikiria kuupita. Nilifikiria kwa muda mrefu hadi akaweka kalamu chini. Lakini kama alivaa viatu vile, basi yote mengine niliyosema ni uongo pia. Nilisema, "Alivaa gambuti."

"Basi una labda wiki mbili kabla hawajakukamata. Tafuta wakili. Na umtafutie mtoto mahali."

Nimemtazama Kendi akila jioni hii. Anakula upesi sasa, kichwa chini, kama mtoto aliye kwa watu.

Jumamosi, Novemba 23

Marcella ameleta bakuli la njahi, yale maharagwe meusi, akaliweka mezani bila kusalimu. Ni mara ya kwanza tangu Oktoba. Nilimngojea anitukane, hakunitukana. Alisimama kidogo.

"Hiyo polisi inasema nini?"

"Inasema nitashtakiwa."

"Watakufunga?"

"Ndiyo."

Alitoka. Baadaye nilimwona kando ya ua wake ameshika mti, kama mtu anayesikia kizunguzungu. Nilidhani ni uzee.

Jumanne, Novemba 26

Naandika polepole ili nisikosee.

Kendi alikohoa siku tatu. Ishmael alitupeleka kliniki Kianjai, ile ile ambako Marete huchukua dawa zake. Mhudumu wa dawa ni binti mpole, amenijua miaka. Alimpimia Kendi dawa ya kifua, akaandika, kisha akasema kwa sauti ya kawaida tu:

"Na mzee anaendeleaje? Zile za mwezi huu mama yake alichukua wiki iliyopita. Tulimpa za miezi miwili kwa sababu alisema mgonjwa yuko mbali na barabara ni mbaya."

Nikasema, "Za nani?"

"Za Marete. Za kifafa." Akageuza daftari lake nione. Tarehe 19 Novemba. Alama ya kidole ya Marcella, maana hajui kuandika. Na juu zaidi, tarehe 14 Oktoba, alama ile ile. Jumatatu ile. Saa zile ambazo mimi nilikuwa kituoni nikitambua viatu vya marehemu.

Binti huyu ametoka likizo ya uzazi wiki iliyopita tu, na kwao ni mbali, Laare. Habari za mtoni hakuzisikia. Nilimshukuru. Nilimshika Kendi mkono, nikatoka. Nje Ishmael aliuliza kama mtoto anaendelea vizuri. Nikasema anaendelea. Nilipanda pikipiki nyuma ya mtu ambaye ana vidonda vya mikono kwa kumtafuta mtu anayemeza vidonge asubuhi na jioni.

Nadhani nimelia, lakini ilikuwa inanyesha.

Jumatano, Novemba 27

Nilimngoja Ishmael aende kazi na Kendi aende kuteka maji. Nikavuka ua. Marcella alikuwa akipepeta mahindi.

"Mama, Marete yuko wapi?"

Hakuacha kupepeta. "Iko kwa Mungu."

"Kwa Mungu wanameza dawa za kifafa?"

Ungo ulisimama. Mahindi machache yalimwagika, kuku wakaja.

Nilitegemea atapiga kelele, aite majirani. Badala yake aliketi chini kabisa, miguu imenyooka mbele, kama msichana mdogo. Alisema kila kitu kwa Kiswahili chake kilichovunjika na pale kilipokwisha akamalizia kwa Kimeru, na nilielewa.

Ijumaa, baada ya ugomvi wetu, Marete alikwenda kwake akamwambia cheti ni cha uongo na watamfunga. Alisema atajitupa mtoni. Mama akamwambia usijitupe, wacha watu wafikiri umejitupa. Wazo lilikuwa lake. Asubuhi Marete alimpa jaketi, saa na simu, akavaa koti kuukuu la marehemu baba yake, akakata kwa miguu hadi barabarani. Marcella alibaki na kazi ya mtoni. Alipofika pale aliona vitu havitoshi. Mtu anayeingia majini huacha viatu. Gambuti alikuwa amekwenda nazo. Kwa hivyo nilipotoka kwenda kisimani, mama akaingia chumbani mwangu, akachukua viatu chini ya kitanda.

"Wewe ulijua wataniuliza mimi?"

"Mimi nilifikiri watasema maji. Maji imechukua, wamalize. Mimi si polisi, sikujua kiatu inaongea."

"Na kule kanisani? Jina langu?"

"Nilikuwa nalia. Mtu akilia lazima alie juu ya mtu." Akajifuta pua na leso. "Sasa naogopa. Wakikufunga, huyo mtoto ataniuliza."

"Basi twende kwa Koplo tuseme."

Alinishika miguu. Sikujua mwanamke mzee ana nguvu hivyo. "Mtoto yangu ni mgonjwa. Akianguka huko ndani kwa saruji, nani atamshika kichwa? Wewe uko na nguvu. Wewe hata ukifungwa, watakuachilia, huna makosa. Yeye iko na makosa."

Ndivyo alivyoona hesabu hiyo. Kwamba mimi nifungwe kwa sababu sina makosa. Na kilichonitisha ni kwamba kwa dakika moja, nikiwa nimesimama pale kuku wakidonoa, iliniingia akilini kama jambo la busara. Yeye ni baba wa mtoto wangu. Ni mgonjwa kweli. Mimi nikisema, nitakuwa mke aliyempeleka mume jela. Nisiposema, nitakuwa mke aliyemuua. Hakuna njia ya tatu kwenye boma hili.

Nilimwambia, "Nipeleke nimwone."

Alhamisi, Novemba 28

Nilitia sahihi. Koplo aliuliza kama nina jipya. Nilisema sina. Huo ni uongo wangu wa kwanza kwake.

Jumamosi, Novemba 30

Kiirua. Marcella alimwambia Ishmael tunakwenda kuombewa na mama mmoja huko Meru, akatuacha tupite. Nilivunja amri ya Koplo, na kila gari la polisi tulilopishana nalo niliinamisha kichwa.

Huko hakukuwa na mvua. Uwanda mpana, upepo, mashamba ya viazi yaliyonyooka hadi macho yanachoka. Marcella aliniongoza kupitia nyuma ya stoo za viazi bila kuuliza njia. Aliwahi kufika hapo mara nne.

Wanaume sita walikuwa wakichimba. Mmoja aliinuka kunyoosha mgongo, na alikuwa mume wangu. Amenenepa kidogo. Jua limemng'arisha. Hilo ndilo nililoliona kwanza, kwamba alikuwa na afya kuliko Oktoba.

Mwenzake alimwita kwa jina nisilolijua, "Antony, una wageni." Akaja, akifuta mikono.

"Wanjira," alisema. "Umekonda."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yalipotea. Nilisema, "Kendi alikohoa."

"Mama aliniambia. Amepona?"

Ndipo nikajua. Kila kitu alikuwa akiambiwa.

"Alikuambia na mimi natia sahihi kila Jumatatu na Alhamisi?"

"Aliniambia."

"Na kwamba faili limeenda Meru?"

Alitazama viazi. "Hawana ushahidi, Wanjira. Bila mwili hawawezi. Nilifikiria sana hilo jambo."

"Ulifikiria."

"Mimi wakinishika ni jela, na aibu kwa ukoo wote. Wewe ni maneno tu, yatapita. Ningewaita baadaye, mambo yakipoa. Wewe na Kendi. Hapa hakuna anayetujua." Aliongea kwa upole, sauti ile ile aliyonitongoza nayo nikiwa chuo cha ualimu. Sauti haikubadilika hata kidogo, ndiyo iliyonivunja. Kwa miezi miwili nilimlilia mtu mpole aliyezama, na huyu hapa, mpole vilevile, akiniambia jela yangu ni maneno tu.

"Twende Jumatatu kwa Koplo. Ukienda mwenyewe watakuhurumia."

"Siwezi."

"Basi mimi nitasema. Una kesho yote ya kufikiri."

Alicheka kidogo, si kwa dharau, kwa kutoamini. "Wewe? Huwezi kunifanyia hivyo."

Marcella alikuwa amesimama kati yetu na mfuko wa vidonge mkononi. Aliangalia mwanawe, kisha mimi, kisha mwanawe tena. Nilingoja aseme neno lolote. Alimpa mfuko, akamrekebisha kola, tukaondoka.

Kwenye gari alikaa dirishani, akinipa kisogo.

Jumapili, Desemba 1

Nilimwambia Ishmael. Sikuweza kuacha ashuke mtoni tena. Alikuwa akiifunga kamba begani. Nilisema maneno machache: yuko Kiirua, anachimba viazi, mama anajua.

Aliniuliza nirudie. Nikarudia. Aliiweka kamba chini kwa uangalifu kabisa, akakaa juu ya jiwe la kunolea panga, akaanza kuhesabu kwa vidole siku alizoingia majini. Alifika thelathini na moja akaacha.

"Shemeji," alisema, "lango sitakufungia tena." Kisha akaingia nyumbani kwake akalala mchana.

Jumatatu, Desemba 2

Niliamka nikavaa nguo ya kanisa. Nilimwachia Ishmael mtoto. Mvua ilikuwa ya manyunyu tu. Nilitembea kwa miguu hadi kituoni, peke yangu, mara ya kwanza tangu Oktoba, nikirudia njiani jinsi nitakavyoanza: Koplo, nilikudanganya Alhamisi.

Nilipofika, kwenye benchi la nje alikuwa ameketi Marcella. Kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa kichwani, miguu imejaa matope hadi magotini. Alikuwa ametoka nyumbani kabla ya jogoo.

Alinishika mkono kabla sijaingia, akaongea Kimeru polepole ili nielewe.

"Nimesema," alisema. "Yote. Kiatu, dawa, Kiirua."

Nilitazama matope miguuni mwake.

"Ungesema wewe, angekuwa amefungwa na mke. Watu wangekuimba mpaka Kendi azeeke. Wacha afungwe na mama yake. Mimi ndiye nilimzaa, na mimi ndiye nilimwambia atoroke." Akakaza kitambaa kichwani. "Pale Kiirua alikuangalia ukiwa umekonda, akakwambia ni maneno tu. Mimi nilisikia. Nilisema, huyu nilimlea aje?"

Niliketi kando yake. Hatukukumbatiana. Sisi si watu wa hivyo, na sijamsamehe. Lakini bega langu liligusa lake na sikulisogeza.

Koplo Gichovi alitoka akiwa amevaa kofia, gari likiwa tayari. Alinitazama, akatoa simu yangu mfukoni akanirudishia.

"Mwalimu, Alhamisi ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Hmm." Akatafuta neno. "Leo usitie sahihi."

Jumanne, Desemba 3

Wamemleta. Hakukimbia. Ishmael alienda kumwona. Atafikishwa kortini kwa cheti na kwa kuwahadaa polisi. Marcella naye ataitwa, yuko nje kwa dhamana ya mzee wa kanisa. Koplo ameahidi kwamba vidonge vitamfikia Marete asubuhi na jioni, na mimi mwenyewe ndiye niliyeomba hivyo.

Njiru anakuja Ijumaa na gari. Sijui kama nitarudi hapa. Nimejiuliza siku nzima na jibu linabadilika kila nikipita jikoni.

Jumatano, Desemba 4

Ilibaki Kendi. Kila mtu alimwangalia kwa jicho la pembeni, na alishajua kuna jambo. Nilimkuta nyuma ya jiko akichambua kunde, nikakaa naye chini, nikaanza kuchambua pia.

Nilimwambia baba hakuzama. Alikuwa Kiirua, akifanya kazi shambani. Alikuwa na shida ofisini akaogopa, akajificha. Sasa yuko kwa polisi, ni mzima, na Kendi akitaka tutakwenda kumwona.

Alifikiri. Aliweka jani zuri upande huu, bovu upande ule.

"Nyanya alijua?"

"Alijua."

"Wewe?"

"Nilijua wiki iliyopita tu."

Aliendelea kuchambua. Nilidhani amemaliza. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa:

"Na baba alijua tunalia?"

Ningeweza kumpa jibu lingine. Nilikuwa na majibu mawili matatu mazuri, mdomoni kabisa. Lakini kwa miezi miwili kila mtu katika boma hili alikuwa akimpa mwenzake jibu zuri.

"Alijua," nilisema.

Kendi aliitikia kwa kichwa. Alisogeza sinia katikati yetu ili nifikie vizuri, na tukachambua kunde mpaka zikaisha.